Watoto Walioandika Nchi Yao Nzima

Jiografia ni elimu ya dunia: milima na mito, mvua na jua, mashamba na miji, njia na watu wanaozipita. Lakini mara nyingi elimu hiyo ya dunia hufundishwa ndani ya kuta nne. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na siku ya mtihani wanarudisha yale waliyonakili. Mtoto aweza kutaja mito mikubwa ya ulimwengu bila kukosa hata mmoja, na huku hajui kijito kinachopita chini ya shule yake kinapeleka maji yake wapi. Zamani za Wabelgiji wanafunzi wengi wa Kongo walikariri Meuse na Escaut, mito ya Ubelgiji, ambayo wengi wao hawakuiona maisha yao yote.

Mwalimu akitaka kuwatoa watoto nje ili wajifunze kwa macho na kwa miguu, wazazi wengine hunung'unika. Wanasema: "Tumelipa karo ili mtoto asome, si ili azurure vichakani." Neno hilo si la kupuuza. Karo ni jasho la mzazi. Basi inafaa tuulize kwa uaminifu: kazi ya nje ni mchezo, au ni masomo ya kweli? Tena, kazi iliyofanywa na mtoto yaweza kumfaa mtu mwingine, au huishia katika daftari lake tu?

Ndugu wasomaji, historia inatupa jibu. Tutaona kwanza ni nani waliotangulia kuwatoa watoto nje. Halafu tutaona jinsi watoto wa shule wa Uingereza, katika miaka baada ya 1930, walivyoandika nchi yao shamba kwa shamba, na jinsi kazi yao ilivyowafaa watu wazima siku ya shida.

Kivuli cha Montmorency na udongo wa Yverdon

Mwaka wa 1762 Jean-Jacques Rousseau, mtu wa Geneva, alitoa kitabu chake juu ya malezi, kiitwacho Émile. Humo anasimulia habari ya kijana anayefundishwa mwendo wa jua. Kijana anachoka, anauliza: "Mambo haya yana faida gani?" Mwalimu hajibu. Kesho yake wanakwenda kutembea katika msitu ulio kaskazini ya mji wa Montmorency, karibu na Paris, nao wanapotea. Jua ni la saa sita, kijana ana njaa, anaanza kulia. Ndipo mwalimu anamwongoza kufikiri: saa sita mchana kivuli kinaelekea kaskazini; msitu uko kaskazini ya mji; basi mji uko upande usioelekewa na kivuli. Wanafuata njia hiyo na kufika nyumbani kula. Hadithi hiyo ni ya kutungwa, lakini iliwafumbua macho walimu wengi wa Ulaya.

Aliyefanya jambo hilo kwa watoto wa kweli ni Johann Heinrich Pestalozzi, Mswisi aliyezaliwa Zürich mwaka wa 1746. Tangu 1805 hata 1825 alikuwa na shule katika ngome ya zamani ya Yverdon. Mwanafunzi wake mmoja, Louis Vulliemin, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa historia, aliandika jinsi walivyojifunza jiografia. Waliongozwa mpaka bonde jembamba karibu na Yverdon, ambamo unapita mto mdogo wa Buron. Waliagizwa kutazama bonde lote, kisha sehemu moja moja, mpaka walishike vizuri akilini. Halafu walichimba udongo wa mfinyanzi kando ya bonde, wakaubeba mpaka shuleni. Huko walilifinyanga lile bonde juu ya meza ndefu, kila mmoja sehemu yake. Siku nyingine walitoka tena, wakatazama zaidi, wakarudi kuongeza. Bonde lilipokwisha kukamilika mezani, ndipo walipoonyeshwa ramani. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa na nguvu ya kuielewa.

Angalieni utaratibu wake. Katika shule nyingi ramani huja kwanza, na bonde haliji kabisa. Huko Yverdon bonde lilitangulia, mikono ikafuata, ramani ikaja mwisho.

Mwaka wa 1807 alifika Yverdon mgeni Mjerumani, Carl Ritter. Huyo naye alilelewa katika shule ya Schnepfenthal, ambako watoto walizoezwa kutembea na kutazama nchi. Ritter alikiri baadaye kwamba Pestalozzi mwenyewe alijua habari za jiografia kidogo kuliko mtoto wa shule ndogo, lakini kwake ndiko alikojifunza namna ya kweli ya kuifundisha. Mwaka wa 1820 Ritter alifanywa mwalimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Berlin, na leo huhesabiwa, pamoja na Alexander von Humboldt, kuwa mmoja wa baba wa elimu hiyo kwa siku zetu.

Mnara wa Edinburgh

Katika mji wa Edinburgh, Scotland, yuko mtu mwingine wa kukumbukwa: Patrick Geddes, mtaalamu wa mimea aliyependa sana mambo ya miji. Mwaka wa 1892 alitwaa mnara mmoja wa mjini, akaufanya kuwa nyumba ya kujifunzia. Mgeni alipandishwa kwanza mpaka juu kabisa. Huko kulikuwa na chumba chenye giza, na vioo vilivyoleta sura ya mji ulio hai juu ya meza nyeupe: nyumba, moshi, watu wanaotembea. Akitoka hapo aliusimamia mji kwa macho yake mwenyewe. Kisha alishuka orofa kwa orofa. Orofa ya kwanza kutoka juu ilikuwa ya mji wa Edinburgh, ya pili ya Scotland, halafu nchi zinazosema Kiingereza, halafu Ulaya, na chini kabisa ulimwengu wote.

Mpango huo ulikuwa fundisho tosha. Anayetaka kuujua ulimwengu na aanze na pale anaposimama, kisha apanuke hatua kwa hatua. Wahenga wetu nao walijua hayo waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kazi iliyokuwa kubwa kuliko serikali

Sasa tufike kwenye habari yenyewe.

Mwaka wa 1926 alirudi London kutoka Burma mwalimu mmoja, jina lake Laurence Dudley Stamp. Alizaliwa mwaka wa 1898, akafundisha elimu ya mawe na jiografia katika Chuo Kikuu cha Rangoon, kisha akaitwa kufundisha katika London School of Economics. Bwana Stamp aliona upungufu mmoja. Uingereza ilikuwa na ramani nzuri sana. Kila barabara, kila nyumba, kila ua wa shamba ulikuwa umechorwa. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwa nchi nzima: shamba hili linalimwa, lile ni la malisho, lile limeachwa. Tena miaka ile kilimo kilikuwa kimeanguka. Nafaka ya nchi za ng'ambo ilikuwa rahisi, na wakulima wengi waliacha kulima, mashamba yakarudi kuwa majani. Nchi ilikuwa ikibadilika, wala hapakuwa na mtu wa kuandika mabadiliko hayo.

Kazi ya namna hiyo ingetaka makarani wengi na fedha nyingi, na mwaka wa 1930 biashara ya dunia ilikuwa imeharibika. Stamp atapata wapi watu?

Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana katika jimbo moja. Katika Northamptonshire, miaka michache kabla ya hapo, walimu na watoto wa shule walikuwa wameandika matumizi ya ardhi ya jimbo lao, na ramani yao ikachapwa. Stamp aliona kwamba lililowezekana kwa jimbo moja laweza kuwezekana kwa nchi nzima. Kila kijiji kina shule. Kila shule ina mwalimu. Na hakuna anayejua vichochoro na mashamba ya kijiji kuliko watoto wa kijiji. Basi mwezi wa Oktoba 1930 kazi ilianza, ikaitwa Land Utilisation Survey of Britain, maana yake upimaji wa matumizi ya ardhi ya Uingereza.

Angalieni jinsi ilivyopangwa, maana hekima yote imo katika mpango. Kila shule iliyokubali ilipewa karatasi za ramani kubwa, ambayo inchi sita za karatasi ni maili moja ya nchi, yaani karibu sentimita 9 na nusu kwa kila kilometa. Karatasi moja ilikuwa na eneo la maili tatu kwa mbili, karibu kilometa za mraba 15. Mipaka ya mashamba ilikuwa imekwisha kuchorwa. Mtoto hakuagizwa kuchora ramani, kazi ambayo ingemshinda. Aliagizwa kutembea, kutazama kila kipande cha ardhi, na kuandika herufi moja juu yake. F ilikuwa msitu. M ilikuwa majani ya kudumu ya malisho. A ilikuwa shamba linalolimwa. H ilikuwa nyika ya milimani isiyolimwa. G ilikuwa nyumba zenye bustani. W ilikuwa ardhi isiyoweza kuzaa tena, kama viwanda na machimbo. Na maji yalikuwa na alama yake.

Kazi hiyo ni nyepesi hata mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuifanya, lakini si ya mzaha. Yako mambo yaliyosumbua. Kwa mfano, majani yaliyopandwa kwa mwaka mmoja au miwili ili kupumzisha shamba yalihesabiwa kuwa shamba la kulimwa, lakini majani ya siku zote yalihesabiwa kuwa malisho. Kwa macho yote mawili ni majani mabichi! Atayatenganishaje? Sherti amwulize mwenye shamba. Hivyo mtoto alijifunza pia kuwaendea wakubwa kwa adabu, kuuliza na kusikiliza.

Karatasi zilizokamilika zilipelekwa London, zikakaguliwa, zikapunguzwa na kuchapwa kwa rangi: mashamba rangi ya udongo, majani kijani hafifu, misitu kijani kizito, nyika manjano, bustani zambarau, ardhi isiyozaa nyekundu. Mahali ambapo shule zilikuwa chache, wanafunzi wa vyuo vikuu na watu wengine wa kujitolea walijaza mapengo. Ramani za kwanza zilitoka mwaka wa 1933. Yaliandikwa pia maelezo ya kila jimbo, sehemu 92 kwa jumla. Hesabu ya watoto walioshiriki inakadiriwa kuwa robo ya milioni. Hakuna jeshi la makarani ambalo serikali ingeweza kulilipa kwa kazi hiyo. Ilifanywa na wavulana na wasichana wenye kalamu za risasi, wakiwa na viatu vya matope.

Siku ya shida

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza iliingia vitani. Kabla ya vita zaidi ya nusu ya chakula cha Waingereza kilitoka ng'ambo kwa meli. Sasa manowari za Wajerumani zilizopita chini ya maji zilikuwa zikizizamisha meli hizo. Sherti nchi ijilishe yenyewe, wala wakati ulikuwa hauko.

Serikali iliweka halmashauri ya kilimo cha vita katika kila jimbo. Halmashauri hizo zilikuwa na amri ya kuwaambia wakulima: malisho haya yapigwe jembe, pandeni ngano, pandeni viazi. Lakini malisho gani? Yako wapi? Ni mengi kadiri gani? Hapo ramani za watoto zilionekana kuwa hazina. Watu wazima waliona juu ya karatasi majani yote ya nchi, na mashamba yaliyokuwa yakilimwa wakati wa upimaji. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka wa 1932 sasa alikuwa na miaka 19. Yawezekana alikuwa askari, au alikuwa akilima. Herufi alizoandika shuleni zilisaidia kulitafutia taifa lake mkate.

Stamp mwenyewe aliitwa kushauri serikali. Mwaka wa 1941 alifanywa makamu wa mwenyekiti wa halmashauri iliyochunguza matumizi ya ardhi ya mashambani, chini ya jaji Scott, nayo ilitoa taarifa yake mwaka wa 1942. Swali lake lilikuwa kubwa: vita vikiisha, miji itajengwa wapi bila kumeza ardhi nzuri ya kulima? Mawazo hayo yaliingia katika utaratibu wa kupanga miji na mashamba uliowekwa kwa sheria mwaka wa 1947. Mwaka wa 1948 Stamp alitoa kitabu chake juu ya ardhi ya Uingereza, namna inavyotumiwa vema na vibaya, na katika kazi yote hiyo ushahidi wake wa kwanza ni zile karatasi za shule. Mwaka wa 1965 alipewa heshima ya kuitwa Sir, akafa mwaka uliofuata.

Wala faida haikuishia vitani. Mashamba ya majani ya asili, yale yenye maua mengi, nyuki na ndege, yalipungua sana baada ya vita kwa sababu ya majembe, mbolea na mbegu mpya. Wataalamu walilinganisha upimaji wa siku za Stamp na upimaji wa baadaye, wakaona kwamba kati ya miaka ya 1932 na 1984 Uingereza na Wales zilipoteza karibu 97% ya majani hayo ya asili katika nchi za chini. Tungalijuaje hasara hiyo kama hakuna aliyeandika yaliyokuwako? Mtoto aliandika M katika shamba moja, akaenda nyumbani kula. Miaka hamsini baadaye herufi yake ilikuwa shahidi.

Waliofuata

Katikati ya vita, mwaka wa 1943, iliundwa Uingereza halmashauri ya masomo ya nje, na mwaka wa 1946 ilifungua nyumba yake ya kwanza katika kinu cha zamani cha Flatford, mashariki ya nchi. Wanafunzi walikuja kukaa siku kadhaa, wakapima mto, wakachunguza udongo na mimea, jioni wakaandika waliyoyaona. Nyumba nyingine nyingi za namna hiyo zilifuata.

Mwaka wa 1960 mama mmoja mtaalamu, Alice Coleman wa King's College ya London, alianza upimaji wa pili wa ardhi, naye pia akategemea walimu, wanafunzi na watu wa kujitolea. Na mwaka wa 1996 Chama cha Walimu wa Jiografia cha Uingereza kiliwaita tena watoto wa shule kuandika matumizi ya ardhi.

Mwaka huohuo wa 1996 lilianza katika mji wa The Hague, Uholanzi, shindano la jiografia la vijana wa mataifa, liitwalo Olimpiadi ya Jiografia. Nchi tano za Ulaya zilishiriki mara ya kwanza. Siku hizi huja vijana kutoka mabara yote. Vijana hao hujibu maswali kwa maandishi, lakini haitoshi. Sherti watoke nje katika mji wasioujua, watazame, wachore ramani yao wenyewe, kisha waseme jambo la maana juu ya mahali pale. Aliyekariri tu hawezi kushinda.

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu wenye ramani nzuri. Lakini tutazame karibu, katika nchi ya Kiswahili. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliupiga mji wa Dar es Salaam, na watu zaidi ya arobaini walikufa. Mitaa mingi ya maskini haikuonekana vizuri katika ramani yoyote: mifereji, vichochoro, nyumba za mabondeni. Mwaka wa 2015 ilianza kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wenyeji. Waliandika njia, majengo na mifereji, na kuwauliza wakazi maji hufika wapi wakati wa mvua kubwa. Ramani hiyo iliwekwa wazi ili kila mtu aweze kuitumia. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, wakubwa kuliko watoto wa Stamp, nao walikuwa na vyombo vya kisasa. Lakini kazi ni ileile: kutembea, kutazama, kuuliza mwenyeji, kuandika kwa uaminifu.

Na sisi je?

Tuone basi mwalimu wa kwetu, asiye na gari wala fedha, aweza kufanya nini na darasa lake.

La kwanza ni kijiti na kivuli. Simika kijiti kilichonyooka uwanjani, uwaambie watoto watie alama mwisho wa kivuli tangu saa tano na nusu hata saa saba kasoro. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote kinaonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Lakini hapo jihadharini! Kule Montmorency kivuli cha mchana huelekea kaskazini siku zote. Kwetu sivyo. Huko Bukavu, mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, na kivuli kinaelekea kusini. Mwezi wa Desemba jua liko upande wa kusini, na kivuli kinaelekea kaskazini. Kati ya nyakati hizo, siku fulani kivuli karibu kinatoweka miguuni. Mtoto aliyekariri kanuni ya kitabu cha Ulaya angepotea msituni. Aliyetazama kijiti mwaka mzima hapotei.

La pili ni maji. Fuateni kijito cha shule kadiri miguu inavyoweza, kisha malizeni safari kwa ramani. Maji yanayoingia Ziwa Kivu hutoka kwa mto Rusizi, huingia Tanganyika, hutoka kwa Lukuga, huufikia mto Kongo na kumalizikia katika Bahari ya Atlantiki. Lakini maji ya Rutshuru huingia Ziwa Edward, hupita Semliki mpaka Ziwa Albert, huwa Nile, na kufika bahari ya Misri. Watoto wa majimbo yaliyo jirani, na maji yao yanaachana hivyo! Mtoto akiisha kujua kijito chake kinakwenda bahari gani, majina ya mito si mzigo tena kichwani mwake.

La tatu ni mvua. Kopo lenye ubavu ulionyooka, limewekwa mahali pa wazi, na rula ya milimeta, vinatosha. Watoto hupokezana kupima kila asubuhi saa ileile, na kuandika katika daftari moja la shule. Daftari la mwezi mmoja ni kidogo. Daftari la miaka kumi ni mali, maana mkulima akisema mvua zimebadilika, kijiji kitakuwa na neno la hakika la kumjibu.

La nne ni korongo. Katika milima yetu mvua hukata ardhi na kubomoa nyumba. Pigeni vigingi mbali kidogo na ukingo wa korongo, pimeni kwa kamba umbali wake kabla ya masika na baada ya masika. Mtoto mwenyewe ataona ni hatua ngapi zimeliwa. Kisha mpelekeeni chifu au mkuu wa mtaa hesabu hiyo.

La tano ni soko. Waulizeni akina mama kwa adabu: mihogo hii imetoka wapi? Samaki hawa je? Chumvi je? Chumvi imepita mikono mingapi? Kila jibu liwe mstari juu ya ramani. Baada ya siku moja sokoni darasa litaelewa biashara kuliko kwa kusoma kurasa nyingi.

Lakini kazi hizo zina sheria zake. Mwalimu atangulie peke yake kuiona njia. Aombe ruhusa kwa mkubwa wa mahali na kwa wenye mashamba, hasa mahali penye wasiwasi, maana mtu anayepima na kuandika huweza kudhaniwa vibaya. Asipeleke watoto mahali pasipo salama, wala kando ya mto uliofurika. Awape kazi moja, ndogo, iliyo wazi, kama Stamp alivyotoa herufi chache. Asahihishe, na palipo na mashaka arudi kutazama tena. Na daftari lisitupwe mwisho wa mwaka, bali likabidhiwe darasa linalofuata.

Basi turudi kwa mzazi aliyelipa karo. Ameuliza kwa haki kama mtoto anasoma au anazurura. Tumjibu hivi: mtoto anayetembea bila kazi anazurura, na anayetembea akiwa na swali, kalamu na mwalimu anasoma. Tumwalike mzazi huyo aje mwenyewe. Anajua chemchemi zilizokauka, anajua msitu ulikuwa unafika wapi alipokuwa kijana, anajua mwaka ambao mto ulifurika. Mtoto aandike maneno yake pamoja na tarehe. Nusu ya jiografia ya kijiji imo vichwani mwa wazee, wala haijaandikwa bado mahali popote.